Chipsi, Vibanzi au Ifiriti? Safari ya Majina ya Sahani Moja ya Niboye

Muhula uliopita mmoja wa wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha alirudi idarani akiwa na daftari la mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari. Insha ilikuwa ya kawaida kabisa: "Chakula ninachokipenda". Mtoto alikuwa ameeleza kwamba kila Jumapili jioni baba yake humnunulia chipsi, akaeleza zinavyokaangwa na anavyokula na dada yake. Neno chipsi lilitokea mara nne, na mara zote nne lilizungushiwa wino mwekundu. Pembeni mwalimu wa darasa aliandika: "Si Kiswahili. Sema vibanzi." Alama nne zikaenda.

Mwanafunzi wetu hakujua la kumwambia mtoto. Yeye mwenyewe alifundishwa neno chipsi na mwalimu aliyesomea Tanzania, na hakuwahi kulisikia neno vibanzi hadi siku hiyo. Alituuliza swali fupi: kati ya hao walimu wawili, ni nani mwenye haki?

Tungeweza kumjibu kwa mkato kwamba maneno yote mawili yanatumika, moja Tanzania na jingine Kenya, tukaishia hapo. Lakini swali la namna hii linatujia kila mwaka kwa sura mbalimbali. Hapa Rwanda vitabu vya Kiswahili hutoka pande zote mbili, walimu wetu walisomea sehemu mbalimbali, na tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017 idadi ya watoto wanaosahihishiwa madaftari kwa wino mwekundu imezidi kuwa muhimu. Kwa hiyo tumeona tulifuate jina hili tangu mwanzo, tuone limetoka wapi. Na kwa kuwa baadhi yetu tunakaa Niboye, tuanzie hapo hapo nyumbani.

Jioni moja Niboye

Niboye ni mmoja wa mirenge kumi ya Wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Jioni, wanafunzi wa chuo cha ufundi cha IPRC na watu wanaorudi kutoka kazini wanaposhuka katika pikipiki na mabasi, harufu ya mafuta ya moto na nyama ya kuchoma husikika tangu barabarani. Anayeingia katika mkahawa mdogo na kuagiza burusheti huulizwa ataila na nini: ndizi za kuchoma, au ifiriti? Ifiriti zikiletwa huwa na chumvi juu, mayonezi pembeni, na kichupa kidogo cha akabanga, yale mafuta ya pilipili ambayo tone moja latosha kumtoa mtu machozi. Asiyetaka nyama huagiza umureti, na wako wapishi wanaomimina mayai juu ya ifiriti zenyewe. Mtanzania akiona sahani hiyo hahitaji kuelezwa. Kwake ni chipsi mayai.

Mwaka fulani tulikuwa na mgeni, mwalimu mwenzetu kutoka Mwanza. Tulimwacha aagize mwenyewe kwa kuwa mwenye mkahawa alijua Kiswahili vizuri. Mazungumzo yao yalikuwa hivi:

"Habari za jioni, kaka. Chipsi zipo?"

"Chips hapana, bosi. Chips utapata pale dukani."

Mgeni wetu akavuka barabara akarudi na kipakiti cha viazi vikavu, vyembamba kama karatasi, vile ambavyo kwao huitwa kripsi. Alikishika kile kipakiti akatazama meza ya jirani, ambako watu walikuwa wanakula chipsi zinazofuka moshi. "Sasa zile ni nini?" akauliza. "Zile ni ifiriti," akajibiwa.

Tulicheka, lakini mwenye mkahawa hakukosea, wala mgeni hakukosea. Kila mmoja alikuwa amelirithi neno kutoka mlango wake. Tutaona baadaye milango hiyo ni ipi. Kabla ya kufika kwenye mafuta lakini, hatuna budi kuanza na kiazi chenyewe, maana jina lake lina mambo mengi kuliko tunavyodhani.

Kiazi kinachoitwa Ulaya

Kiazi mviringo hakikuanzia Ulaya. Kililimwa kwanza na watu wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, katika nyanda za juu zinazozunguka ziwa Titicaca, maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajakiona. Katika lugha ya Kikechua huitwa papa. Wahispania walikichukua katika karne ya 16, na huko kwao jina hilo likachanganyika na lingine, batata, ambalo watu wa visiwa vya Karibi walilitumia kwa kiazi kitamu. Ndipo Wahispania wakapata patata. Wareno wao walibaki na batata, wakalieneza hadi pwani ya magharibi ya India, na katika pwani yetu likawa mbatata. Kwa hiyo Mzanzibari anaposema mbatata akimaanisha kiazi mviringo, anatumia jina ambalo lilianza maisha yake likiwa la kiazi kitamu. Hakuna mwalimu tunayemjua aliyewahi kulizungushia wino mwekundu.

Bara, jina lilichukua njia nyingine. Wenyeji walikuwa na viazi vyao tayari, vitamu na vikuu, hivyo kiazi kigeni kikahitaji kutofautishwa. Kikaitwa kiazi cha Ulaya, na baadaye viazi ulaya. Uganda watu wengi hukiita kwa jina la Waayalandi, jambo linalochekesha kidogo, maana Waayalandi nao walikipokea kutoka kwa wengine. Rwanda tunasema ibirayi, umoja wake ikirayi. Burundi wanasema ibiraya.

Tuyatazame maneno haya mawili kwa makini. Kwa Kinyarwanda bara la Ulaya ni Uburayi. Kwa Kirundi ni Uburaya. Pale Kinyarwanda kinapoishia na irabu i, kiazi kinaishia na i. Pale Kirundi kinapoishia na a, kiazi kinaishia na a. Si jambo la bahati. Mzizi ni mmoja, na kilichobadilika ni kiambishi tu: ubu- kwa nchi, iki- na ibi- kwa kile kitu kilichotoka nchi hiyo. Sauti l ya Ulaya imekuwa r, kama ilivyo desturi ya lugha zetu hizi. Kiazi na neno Ulaya vilifika huku katika kipindi kimoja, wakati wa utawala wa Wajerumani, ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya wapagazi, askari, wafanyabiashara na ofisi. Wajerumani wenyewe walituachia ishuri, na kwa Kiswahili shule, lakini jina lao la kiazi halikupata mtu wa kulibeba. Viazi tulivipata kwa mikono ya Wajerumani na jina tukalipata kwa mdomo wa Waswahili.

Na Ulaya yenyewe? Inatokana na neno la Kiarabu wilaya, yaani eneo la utawala, neno ambalo katika nchi za Waturuki, Waajemi na Wahindi lilipanuka maana hadi kuwa nchi ya mbali ya watawala. Askari wa Kiingereza waliokaa India walilipenda neno hilo, wakaliharibu matamshi, na hadi leo Mwingereza akiikumbuka nchi yake kwa mapenzi huweza kuiita Blighty. Kiswahili kimelichukua mara mbili: Ulaya kwa bara la Wazungu, na wilaya kwa eneo la utawala. Anayekula ibirayi katika Wilaya ya Kicukiro anatumia neno moja la Kiarabu mara mbili katika sentensi moja, na wala halisikii.

Kuna jambo la kisarufi hapa ambalo tunaomba wanafunzi walikumbuke, kwa sababu litarudi. Katika "viazi vya Ulaya", nomino kuu ni viazi, na Ulaya ni kivumishi tu. Kinyarwanda kimeidondosha nomino na kukiacha kivumishi kisimame peke yake na kubeba maana yote. Kiswahili nacho hufanya hivyo kila siku. Nguo za mitumba zimekuwa mitumba. Hakuna anayeuliza mitumba ya nini.

Mafuta, Wabelgiji na Wafaransa

Nani aliyekuwa wa kwanza kukikata kiazi vijiti na kukizamisha katika mafuta? Wabelgiji na Wafaransa wamegombana juu ya hilo kwa miaka mingi, na sisi tuliotawaliwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1916 hadi uhuru wa mwaka 1962 tumeurithi ugomvi huo pamoja na sahani.

Hadithi ya Wabelgiji ni tamu. Inasimuliwa kwamba wakazi wa Namur na miji mingine ya kando ya mto Meuse walizoea kukaanga samaki wadogo. Majira ya baridi kali mto uliganda, samaki wakakosekana, basi watu wakakata viazi kwa umbo la samaki wakavikaanga badala yake. Mwandishi Jo Gérard alisema aliyapata hayo katika hati ya familia yake ya mwaka 1781, iliyodai kuwa desturi hiyo ilikuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja, na hapo ndipo watu walipopata tarehe ya mwaka 1680 inayorudiwa kila mahali.

Mwanahistoria wa vyakula Pierre Leclercq, ambaye naye ni Mbelgiji, aliipinga hadithi hiyo kwa hoja mbili ambazo kwetu zina uzito. Kwanza, viazi havikuwa vimefika sehemu hizo mwaka 1680; vilifika karibu mwaka 1735. Pili, mafuta yalikuwa ghali. Maskini wa karne ya 18 hakuwa na mafuta ya kujaza sufuria. Akipata kidogo alikipaka kwenye mkate au kukitia kwenye mchuzi. Ushahidi, kwa maoni yake, unaelekeza Paris, kwa wachuuzi wa barabarani waliouza vitu vya kukaanga. Kutoka huko mtu mmoja mwenye asili ya Bavaria aitwaye Krieger, aliyejifunza kazi hiyo Paris, alizunguka na kibanda chake katika magulio ya Ubelgiji katika miaka ya 1840. Tunakubaliana na Leclercq. Hata hivyo Wabelgiji wasinyimwe haki yao: utaratibu wa kukaanga mara mbili, kwanza kwa mafuta yasiyo moto sana ili kiazi kiive ndani, kisha kwa mafuta makali ili kishike rangi na kukauka nje, ni wao walioufanya sheria. Na mayonezi iliyoko katika meza za Niboye haikutoka Uingereza.

Jina la Kifaransa lilianza kwa urefu: pommes de terre frites, maana yake viazi vilivyokaangwa. Likafupishwa likawa pommes frites, kisha frites peke yake. Msomaji makini ameshaona: nomino imedondoka, kivumishi kimebaki. Ni njia ile ile iliyotupa ibirayi.

Frites ilipoingia katika Kinyarwanda ilibidi itengenezwe. Kinyarwanda hakipendi konsonanti f na r zikikaa pamoja bila irabu, wala hakikubali neno liishie na t. Basi irabu i ikapenyezwa katikati, nyingine ikaongezwa mwishoni, na kiambishi i- kikasimamishwa mlangoni: i-fi-ri-ti. Silabi moja ya Kifaransa imezaa nne. Huu ndio utohozi ambao wanafunzi wetu huukariri kwa ajili ya mtihani, na mfano wake uko katika orodha ya vyakula ya kila mkahawa.

Mlango wa Kiingereza

Upande wa pili, Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata chakula hiki kwa mkono wa Waingereza, na Waingereza hawakukiita kwa kukaangwa kwake. Walikiita kwa umbo lake. Chip kwa Kiingereza ni kile kipande kinachoruka seremala anapochonga mbao. Charles Dickens, katika riwaya yake A Tale of Two Cities ya mwaka 1859, alilitumia neno hilo kwa vipande vya viazi vilivyokaangwa katika mafuta haba, na mtaa aliokuwa akiusimulia, tafadhali tuzingatie, ulikuwa mtaa wa maskini wa Paris.

Baadaye Kiingereza chenyewe kiligawanyika. Uingereza, chips zilibaki kuwa vile vijiti vinene vya moto. Marekani, neno hilo likachukuliwa na vile viazi vyembamba vikavu vya kwenye pakiti, na vijiti vikaitwa kwa jina la Wafaransa. Sasa, Kifaransa kilipohitaji jina la viazi vya pakiti, kilikopa chips kwa maana ya Kimarekani, kwa kuwa vijiti tayari vilikuwa na jina lao.

Hapo ndipo alipokwama mgeni wetu wa Mwanza. Yeye alilipata neno kutoka Uingereza kupitia Dar es Salaam. Mwenye mkahawa alilipata kutoka Marekani kupitia Ufaransa. Matamshi karibu ni yale yale, lakini vitu ni viwili. Mwalimu wa Kiswahili hapa Rwanda aliweke hili katika somo lake mapema, maana wanafunzi waliokulia katika Kifaransa hufasiri chipsi kuwa viazi vya pakiti bila hata kushtuka, na hakuna kosa la sarufi litakalomwonyesha msahihishaji kwamba hawakuelewa.

Katika Kiswahili chips ikawa chipsi. Wakopaji waliichukua ile s ya wingi wa Kiingereza bila kujua kuwa ni ya wingi, wakaongeza irabu mwishoni, basi. Kutokana na hapo watumiaji wamejizalia wenyewe. Dar es Salaam utasikia kiepe. Chipsi zilizomiminiwa mayai huitwa chipsi mayai, na kwa utani zege, kwa sababu zinachanganywa na kugandishwa kama saruji na kokoto. Mihogo iliyokatwa na kukaangwa kwa mtindo huo ni chipsi dume. Nairobi vijana husema chipo, na zile zinazouzwa katika vibanda vya mitaani huitwa chipsi mwitu, yaani zile zisizofugwa. Tunakiri kwamba mwitu ndilo tunalolipenda kuliko yote.

Tusisahau pwani, ambako kiazi cha mafuta kilikuwa na njia ya tatu isiyopitia London wala Brussels. Viazi karai vya Mombasa huchemshwa kwanza, vikavikwa uji mzito wa unga wenye manjano, ndipo vikakaangwa. Karai ni sufuria ya Kihindi, na chakula kimechukua jina la chombo chake.

Vibanzi

Turudi sasa kwa mwalimu wa wino mwekundu. Kibanzi ni neno la zamani katika Kiswahili: kipande kidogo chembamba cha mti. Wasomaji wa Injili ya Mathayo, sura ya 7, wanalijua, kwani ndilo linalowekwa dhidi ya boriti. Nchini Kenya neno hili limepewa kazi ya kutaja viazi vilivyokatwa vijiti na kukaangwa, na linatumika katika vitabu vya shule na katika Kiswahili cha watangazaji.

Ni neno zuri. Lina ngeli yake iliyo wazi, kibanzi na vibanzi, na mtoto haoni taabu kulipatanisha. Lakini tujiulize: wazo la kukiita kiazi kipande cha mbao limetoka wapi? Limetoka katika Kiingereza. Chip ni kibanzi, neno kwa neno. Aliyesema vibanzi amefanya tafsiri mkopo. Aliyesema chipsi amefanya utohozi. Mmoja amekopa maana na mwingine amekopa sauti, wote kutoka duka lile lile. Kwa hiyo hoja ya kwamba chipsi "si Kiswahili" lakini vibanzi ni Kiswahili haina miguu. Tukianza kufukuza maneno yaliyokopwa, kwanza daftari lile litabaki bila meza, bila kitabu, bila shule, na bila hilo neno daftari lenyewe.

Hatusemi kwamba vibanzi lisifundishwe. Tunasema lifundishwe kama lilivyo: neno la Kenya, linaloeleweka na wasomi wa kwingineko, lakini ambalo ukilitamka katika kibanda cha Dar es Salaam muuzaji huenda akakutazama tu. Chipsi linaeleweka kote Afrika Mashariki, na kwa mwanafunzi wa Kigali atakayesafiri kwenda Mwanza au Mombasa hilo si jambo dogo. Wako wenzetu idarani wanaoona kwamba tuchague moja kwa ajili ya mitihani ili tuepushe ubishi. Tunaiheshimu rai yao, ila hatujaona mtihani unaopoteza chochote kwa kuyakubali yote mawili.

Kwa watoto wetu kuna jambo jingine zaidi ya alama. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini Rwanda kilihesabiwa kuwa lugha ya madereva, wachuuzi na wakazi wa Nyamirambo na Biryogo, na msemaji wake aliambiwa mara kwa mara kwamba anachosema si Kiswahili kamili. Sasa kimeingia darasani. Mtoto aliyesikia chipsi kwa mjomba aliyeishi Tanzania, akaliandika barabara kwa tahajia sahihi, halafu akaambiwa si Kiswahili, hajifunzi neno vibanzi. Anajifunza kwamba Kiswahili cha nyumbani kwao hakifai shuleni.

Ngeli ya chipsi

Kwa kuwa tunaandikia walimu, hatuwezi kuondoka bila ngeli. Chipsi limewekwa katika ngeli ya I-ZI, pamoja na mikopo mingine mingi: chipsi hii ina chumvi nyingi, chipsi zimeungua. Mtu angetazamia kwamba silabi chi- ingewavuta wasemaji kwenye ngeli ya KI-VI, kama kitabu cha Kiarabu kilivyopata vitabu, na kama kipilefti cha barabarani kilivyopata vipilefti. Haikutokea, hatujamsikia mtu akisema vipsi. Ila kiepe kimeingia humo moja kwa moja, na viepe husikika.

Hesabu nayo ina mtego. "Chipsi moja" mkahawani ni sahani moja, si kijiti kimoja. Anayetaka kijiti kimoja hulazimika kusema kipande cha chipsi. Hapa vibanzi linashinda, maana kibanzi kimoja ni kimoja kweli. Tunawapa watetezi wake pointi hiyo bila kinyongo.

Ifiriti katika Kinyarwanda huchukua upatanisho wa ngeli inayofanana na I-ZI, kwa hiyo mwanafunzi anayehama kutoka ifiriti kwenda chipsi hapati shida. Anayepata shida ni yule anayehama kutoka ibirayi, ambayo inalingana na viazi katika KI-VI. Huyo husema "chipsi vimeiva", na msahihishaji asiyejua Kinyarwanda huona uzembe tu.

Hatimaye tulimwambia mwanafunzi wetu arudi kwa mwalimu wa darasa, kwa adabu zote, akiwa na maelezo haya. Kulikuwa na mazungumzo marefu, tunaambiwa, na chai. Mwalimu alirudisha alama tatu. Ya nne alikataa, akaonyesha sentensi ya mwisho ya insha, ambayo sisi sote tulikuwa tumeisoma haraka kwa sababu ya hasira juu ya ule wino. Mtoto alikuwa ameandika: "Chipsi vilikuwa vitamu." Tulipoletewa habari hiyo idarani tuligawanyika. Wengi walisema alama ikatwe, upatanisho ni upatanisho. Wachache, na mwandishi wa sehemu hii yumo, walisema mtoto aliipatanisha na viazi, ile nomino iliyodondoka, na kwamba angalau nusu alama anastahili.